Tulipokwenda Kumrudisha Papa Symphorien

Ninaikumbuka vizuri Jumapili moja, mwanangu, ingawa miguu iliyonifikisha Ruashi siku ile leo inanilalamikia nikienda hata dukani. Nilikuwa kijana, sijaoa, nina koti moja tu, la misa. Tulikwenda kundi zima nyumbani kwa mtu ambaye hakutuita, na njia nzima tulidhani tunamtendea wema. Weka simu chini kidogo nikusimulie, maana nimeona unachoandika humo tangu juzi.

Yule mwandishi wa michezo mnayempenda ameaga gazeti lake. Ameandika mistari michache, ameshukuru wasomaji, amekwenda zake. Tangu hapo kundi lenu la WhatsApp halilali. Mmoja anasema amenunuliwa na timu ile nyingine. Mwingine anaapa kwamba amefukuzwa na wakubwa. Yupo hata anayetafuta namba ya mke wake ili amuulize yeye. Na wewe, mwanangu, umeandika, "Atupe sababu, ni haki yetu." Ulinionyesha maneno hayo kwa furaha kwa sababu watu wengi walikuwekea vidole gumba. Nilicheka kidogo, halafu sikucheka tena, kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyasikia, na aliyeyasema alikuwa rafiki yangu.

Zamani zetu hapa Lubumbashi gazeti tulilisoma tukiwa tumesimama. Mbele ya posta palikuwa na muuzaji mmoja, Papa Kabeya, aliyetandaza magazeti yake chini kwenye plastiki na kuweka jiwe kila pembe ili upepo usiyachukue. Ukurasa wa michezo aliutundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Tulisimama hapo asubuhi, kundi zima, tukasoma, tukabishana, tukaondoka. Walionunua walikuwa wachache. Papa Kabeya alituvumilia, ila ukinyoosha mkono kugeuza ukurasa alikupigia kelele: "Macho bule, mikono hapana!"

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa, kwa sababu ndipo yalipotoka maandishi ya Papa Symphorien. Aliandika Kifaransa, lakini kichwa cha safu yake kilikuwa cha Kiswahili: Nyuma ya Goli. Na kweli alisimama nyuma ya goli. Waandishi wengine walikaa jukwaani na wakubwa, wanakunywa vitu vya baridi. Yeye alisimama nyuma ya wavu, kofia kichwani, kipindi cha kwanza goli hili, cha pili goli lile. Kwa hiyo aliona mambo ambayo sisi hatukuyaona: beki anayetetemeka kabla ya kona, mshambuliaji anayemwomba msamaha kipa aliyemwumiza. Timu kubwa za mji ni mbili, na nusu yetu tulikuwa wa huku, nusu wa kule, lakini hakuna aliyejua Papa Symphorien ni wa wapi. Alizisema zote mbili. Zote mbili zilimwamini.

Basi Jumatatu moja tukakuta safu fupi, haifiki hata nusu ya kawaida. Amesema hii ni ya mwisho. Amesema amefurahi kusimama pale miaka yote hiyo, na kwaheri. Hakuna zaidi. Tuliisoma mara ya kwanza, tukaisoma tena tukidhani kuna mstari umetupita. Papa Kabeya mwenyewe aliinama chini ya kamba akasoma, yeye ambaye alikuwa akisema kwamba muuza nyama hali nyama yake.

Hapo ndipo Dieudonné alipoanza. Dieudonné alikuwa rafiki yangu, mtoto wa watu wa Kasai wenye duka la viatu, amesoma vizuri, na sauti Mungu alimpa ya kutosha watu watatu. Kama angezaliwa leo, kundi lenu lingekuwa lake.

"Banamufukuza!" akasema. "Wee unaona muntu anaacha kazi ya vile bule bule? Lazima atuambie juu ya nini. Sisi njo basomaji yake, ni droit yetu!"

Unasikia? Droit yetu. Haki yetu.

Mchana wote tuligombana. Wa timu moja walisema ni wa timu nyingine waliomwondoa. Wa timu nyingine wakasema hivyo hivyo kuhusu wenzao. Vijana wawili walikamatana mashati hadi jiwe la Papa Kabeya likasogea na magazeti yakaruka barabarani, tukayakimbilia kati ya magari. Mwishoni tukakubaliana kwamba njia ni moja: twende kwake, tumwombe arudi, na asipokubali atueleze kwa nini. Mtu mmoja alijua kwamba anakaa mtaa wa Ruashi, si mbali na mgodi. Tukapanga Jumapili baada ya misa.

Nikuambie ukweli, tulijipanga vizuri, na hilo ndilo lililotuponza. Dieudonné alisema hatuendi kama tunatoka uwanjani. Hakuna ngoma, hakuna filimbi, hakuna kuimba, tusimwaibishe mtu mzima mbele ya majirani. Tuvae makoti. Tutembee polepole, kwa heshima. Na kwa kuwa huwezi kwenda kumwomba mtu mikono mitupu, tulichangishana tukanunua mfuko wa unga na mfuko wa makala, yaani makaa ya kupikia, tukaipakia kwenye baiskeli. Tulijiona watu wenye adabu sana. Alikuwepo mzee mmoja kati yetu, Muzee Mwepu, mstaafu wa reli, aliyekuwa akisoma gazeti pale posta bila kusema neno mwaka hadi mwaka. Naye alikuja, na fimbo yake. Sikumwona kuwa na maana yoyote katika safari ile.

Sasa wewe umezaliwa hapa, huhitaji kufundishwa. Wanaume wengi wamevaa makoti, wanatembea kimya, baiskeli nyuma yao ina unga na makala, vitu tunavyopeleka penye msiba. Wanaingia Ruashi, mahali ambapo kila nyumba ina mtu aliyeko mgodini. Watu wanaona nini?

Sisi hatukuliona. Tulishangaa tu kwamba watu walikuwa wakisimama tukipita. Mzee mmoja alivua kofia. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo aliziacha ndani ya beseni, akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kutufuata. Kisha akaja wa pili, kisha wengine. Dieudonné akaninong'oneza, "Unaona vile banamupenda?" Nami nikaitikia kwa kichwa kwamba naona.

Tulipofika kwenye kona ya nyumba ya Papa Symphorien, habari ilikuwa imeshatutangulia. Majirani wawili walikuwa tayari wanatoa viti sebuleni na kuviweka nje, kama inavyofanywa penye msiba ili wanawake wapate kukaa chini ndani. Na mke wake, Mama Odilon, alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto wao wa kwanza, Odilon, alikuwa kazini mgodini siku ile. Mama alitutazama, akautazama mfuko wa unga, akaanguka pale pale kwenye kizingiti.

"Mutoto wangu!" alipiga kelele. "Yeye njo amekufa? Semeni! Odilon yangu iko wapi?"

Wanawake wote waliokuwa nyuma yetu wakalia kwa pamoja. Mwanangu, nimesikia vilio vingi maishani, lakini kile cha mtu ambaye hajafa, tena sisi ndio tuliokileta kwa baiskeli, sikitamani tena. Nilitamani ardhi inimeze. Dieudonné, mwenye sauti ya watu watatu, hakupata hata ya mmoja.

Ni Muzee Mwepu aliyepita kati yetu na fimbo yake, akapiga goti mbele ya yule mama, na goti lake bovu, akamshika mikono.

"Mama, hakuna kilio. Unasikia? Hakuna muntu amekufa. Hatutoke ku mugodi. Sisi ni bantu ya journal tu. Mutoto yako iko muzima, iko ku kazi. Utusamehe, mama. Tulikuya kuona papa."

Alirudia maneno hayo mpaka mama akayasikia. Papa Symphorien akatokea nyuma ya nyumba, mikono ina udongo, alikuwa bustanini. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomfikiria. Alimwinua mke wake, akamkalisha, akatazama makoti yetu, unga, makala, na wanawake wa mtaa mzima waliokuwa wanajifuta machozi, wengine wameanza kutukasirikia, na walikuwa na haki. Mmoja alituuliza kama kwetu hatuna wazazi. Papa Symphorien akatuambia tukae. Viti vilikuwa nje tayari, tukakaa juu ya viti vya kilio.

Ungedhani baada ya hapo tungeomba radhi tukaondoka. Hapana. Tulikuwa vijana, tulikuwa tumekuja na neno letu, na Dieudonné sauti yake ilikuwa imerudi.

Alianza vizuri, kwa kuomba radhi. Kisha akasema kwamba gazeti bila yeye si gazeti. Akasema Papa atuandikie msimu mmoja tu, basi. Wengine wakadakia: hata nusu msimu, hata mechi za timu mbili kubwa tu. Papa Symphorien alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anatabasamu tabasamu la mtu mpole aliyebanwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba haiwezekani.

"Juu ya nini, papa?" Dieudonné akasema. "Kama banakufukuza, utuambie, tutaenda kule ku bureau yabo leo leo. Kama hawakukufukuza, ni nini? Bantu banasema mingi. Kuko benye kusema ulikula makuta ya équipe. Sema tu, tuyue. Sisi njo tunakusomaka, ni droit yetu."

Alipotaja mambo ya kula fedha za timu, uso wa Papa Symphorien ulibadilika. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyesukumwa hadi ukutani. Alimtazama mke wake. Mama Odilon alitikisa kichwa kidogo sana, kama kusema usiseme, kisha akainamisha macho. Majirani wote walikuwa pale. Walisogea karibu, maana sasa na wao walitaka kujua.

Nami nilitaka kujua, mwanangu. Nilijisogeza mbele kwenye kiti changu. Nilimwona mtu mzima anajiandaa kutoa mbele ya mtaa wake kitu alichokuwa amekificha, ili tu asionekane mwizi. Alifungua mdomo. Akasema, "Basi, batoto, kama munataka kuyua..."

"Hapana, Papa Symphorien," akasema Muzee Mwepu. "Usiseme."

Alikuwa amesimama nyuma yetu, hakupewa kiti, au alikikataa, sijui. Hakupaza sauti. Alikuja mbele akatugeukia sisi, akampa mgongo mwenye nyumba.

"Miye nilitumika ku reli mpaka banywele ikakuwa mweupe," akasema. "Siku nilitoka, chef, mukubwa yetu ya kazi, aliniomba bifunguo. Kisha akaniuliza kofia ya kazi iko wapi. Kisha akauliza nani atanifwata mu kazi. Nilijibu yote. Nikafika ku nyumba, bibi yangu akaniuliza, banakuambia nini? Nikaona hakuna kintu banaliniambia. Sasa minatuangalia sisi. Tulikuya na unga. Tulikuya na makala. Tulikuya na makoti, na maulizo mingi. Aksanti iko wapi? Kati yetu sisi yote, nani amebeba aksanti?"

Nilijaribu kukumbuka kama kuna mtu yeyote, tangu Jumatatu ile mbele ya posta mpaka kwenye viti vile, aliyekuwa amesema asante. Tulisema haki, tulisema sababu, tulisema timu, tulisema tutaona. Neno lile halikutoka kwa mtu hata mmoja. Niliona haya, haya ya kweli, inayopanda masikioni.

"Sababu ni yake," Muzee Mwepu akamalizia. "Kama anataka, atamuambia bibi yake. Ye alitupa kazi yake, hakutupa nyumba yake. Simameni. Kila muntu akuje hapa, amushike mukono, amuambie aksanti, na amuambie aksanti ya nini. Kintu kimoja tu, kile unakumbuka. Halafu tunaenda."

Wa kwanza kusukumwa mbele alikuwa Dieudonné. Rafiki yangu, msemaji wetu, alimshika Papa Symphorien mkono, akautikisa, akautikisa tena. Mwishoni akasema asante kwa ajili ya yale aliyoandika juu ya mtoto wa Kenya, mtaa wetu wa hapa mjini, aliyecheza na kiatu kimoja. Papa Symphorien alicheka, akasema alikuwa amekisahau kile kiatu. Kisha Dieudonné akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na lile neno la makuta, papa, nisamehe." Wakafuata wengine. Ni ajabu jinsi kila mtu alivyokuwa na chake. Papa Kabeya, aliyekuwa amefunga biashara yake siku ile ili aje, alimshukuru kwamba kila Jumatatu alikuwa na watu wa kuwapigia kelele.

Zamu yangu ilipofika nilimwambia habari ya kipa. Ilikuwa fainali, kipa aliachia mpira ukapita katikati ya miguu yake, na mji mzima ulimtukana, hata nyumba ya mama yake ilirushiwa mawe. Mimi pia nilimtukana. Jumatatu Papa Symphorien akaandika kwamba alikuwa amesimama nyuma yake, na kwamba baada ya goli lile, wakati sisi wote tunazomea, alimsikia yule mwanaume mkubwa akisema neno moja: mama. Hakuandika zaidi ya hapo. Siku ile mbele ya posta tuliisoma, na sikumsikia mtu akimtukana tena yule kipa.

"Aksanti kwa ile, papa," nikasema. "Miye nilikuwa namutukana."

Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, ina udongo bado. "Ile nilitaka kuifuta," akasema. "Nilifikiri bantu batachekelea." Na machozi yakamtoka, nami pia, mbele ya watu wote. Sioni aibu kukwambia.

Tulitaka kuondoka lakini Mama Odilon akasimama mlangoni, safari hii mikono kiunoni. Alisema tumemtoa roho, tumemletea unga na makala ya msiba, na sasa tunataka kwenda bila kula? Wanawake wale wale waliokuwa wanalia wakaukoroga unga wetu bukari, ugali wa huku kwetu, wakawasha makala yetu, wakatucheka mpaka mbavu ziliwauma. Waliiga tulivyokuwa tunatembea. Tulikula vichwa chini. Odilon alirudi kutoka kazini tukiwa bado tunakula, akauliza kilio ni cha nani. Mama yake alimshika kichwa akamvuta kifuani kwa nguvu, kijana mzima na matope yake.

Papa Symphorien hakurudi kwenye gazeti. Aliyemfuata alikuwa kijana aliyekaa jukwaani na wakubwa, nasi tulimlalamikia miaka, baadaye tukamzoea. Yeye mwenyewe nilikuwa nikimwona uwanjani mara moja moja, nyuma ya goli, kofia kichwani, hana kalamu. Tulisalimiana. Na kwa nini aliacha, mwanangu, mpaka leo sijui. Wengi wa wale waliojua wameshazikwa, na mimi sikuuliza. Wakati mwingine bado natamani kujua. Ninajikataza.

Kwa hiyo nakwambia wewe na wenzako. Mtu akiacha kazi aliyokuwa akiwafanyia, neno la kwanza liwe asante. Lisiwe "kwa nini", lisiwe "nani amemfukuza", na lisiwe habari ya fedha ambayo huna ushahidi wake. Ukimwambia asante, mwambie ni ya nini: taja mstari mmoja uliokugusa, siku moja aliyokufanya ucheke, maana asante isiyo na kitu ndani yake hata chef wa reli angeweza kuitoa. Akitaka kukueleza sababu zake, sikiliza. Asipotaka, usimsukume, usimwendee mke wake, usimsukumie majirani. Kumsoma mtu kila Jumatatu hakukufanyi kuwa ndugu wa nyumbani kwake. Na usidhani kwamba kwa sababu unaandika kwa simu ukiwa umelala kitandani hujaingia uani kwa mtu na mfuko wa unga. Umeingia. Kuna mama mahali fulani anayesoma jina la mtu wake kwenye simu na moyo unamwenda mbio.

Sasa chukua simu yako. Yale maneno ya haki yafute, na kama hayafutiki, andika mengine chini yake. Mimi nitakaa hapa kungoja.

Mungu akupe, mwanangu, kazi ambayo watu watasikitika ukiiacha. Akupe mikono ya kuifanya vizuri na akili ya kujua siku ya kuiweka chini. Na siku hiyo ikifika, mlango wako ukigongwa, awe mtu aliyekuja kukuambia asante, akushike mkono, kisha akuache upumzike.